Rufaa Iliyosikilizwa Mlangoni

Mume wangu alirudi kutoka vita vya Uganda na kipande cha chuma kichwani. Mwaka haukuisha akaanza kuanguka kifafa. Daktari wa hospitali ya Mvumi aliandika waziwazi kwamba ni jeraha lile. Lakini ofisa wa malipo ya ulemavu, pale Dodoma mjini, alisukuma cheti pembeni, akasema huyu anajiangusha tu apate hela. Alisema mbele ya mume wangu, naye akainamisha kichwa. Nilimchukia ofisa yule tangu siku hiyo, na chuki yangu niliitunza kama mbegu ya msimu.

Tukakata rufaa. Ilikuwa miaka ya ruksa, maduka yamejaa redio na mitumba, lakini pale ofisini mambo yalikuwa yale yale: rufaa alipewa aisikilize ofisa yule yule. Kesi ya nyani kumpelekea ngedere. Akatuweka barazani juani tangu asubuhi, pamoja na askari wengine wa zamani, huku akipokea wageni wake wenye suti.

Mchana mume wangu alinishika mkono, akasema anasikia harufu ya nywele zinazoungua. Dalili hiyo naijua. Siku zote nilikuwa namlaza kando, mbali na macho, maana kwetu watu wanaamini povu la mwenye kifafa likikugusa, nawe utaanguka. Hata ndugu zake walikuwa wakimkimbia.

Siku ile nilimwingiza ofisini. Nikamlaza ubavu mlangoni, kanga yangu chini ya kichwa, na hapo akaanza kutetemeka.

Ofisa alipoona povu alipanda mezani na viatu vyake. Dirisha lilikuwa na nondo. Mara aniite mama, mara dada, akinisihi nimwondoe mgonjwa. Askari wote walikuwa wakichungulia. Nikakaa sakafuni, nikawa namfuta mume wangu mdomo kwa mkono mtupu, taratibu, macho yangu kwa ofisa. Niliona raha, na sioni haya kusema hivyo.

"Kama anajiangusha, mzee," nikamwuliza, "unakimbia nini?"

Aliomba faili, askari mmoja akamrushia, akaikubali rufaa akiwa amechuchumaa pale pale juu ya meza.

Mume wangu alipozinduka, aliuliza kama tumeshaitwa. Nikamwambia tumeshaitwa, na mkubwa amepanda juu kutupokea.