Kiraka Kwenye Mkono wa Asenath

Sikuwa na digrii. Sikuwa na gari, wala mtoto wa karibu. Figo ya kumpa mke wangu pia sikuwa nayo. Yangu madaktari waliikataa, uzee.

Nilichokuwa nacho ni cheti cha kidato cha nne, nilichokipata shule ya usiku nikiwa na wajukuu. Msicheke.

Basi hapa kwetu Golbanti, kiraka kilichobandikwa mkononi mwa mke wangu, Asenath, kikawaka taa nyekundu. Ikakataa kuzimika.

Kililetwa na Tuneya, binti wa utafiti. Ndani mna grafini, kaboni nyembamba kupita ngozi ya kitunguu. Hunusa ioni za potasiamu kwenye jasho; zikizidi, huwaka nyekundu. Figo zikichoka, potasiamu hujaa mwilini, moyo ukasimama.

"Mama, unakula ndizi?" Tuneya akauliza.

"Niliacha. Na chumvi ya duka niliacha. Nimebaki kula hewa."

"Na hewa yenyewe ina mbu," akadakia Dorothy, dada yake Asenath, aliyekuwa akimpikia.

Tukacheka.

Tuneya akabandika kiraka kipya. Nyekundu tena. Kupima damu kulitaka safari, na mafuriko yalikuwa yamekata barabara.

"Ni joto la huku, Mzee Gershom. Kifaa kibovu, nitaripoti hivyo."

Akakibandua.

Asenath alikufa Jumapili, akijifunga kilemba aende kanisani.

Baada ya matanga, maji ya mafuriko yalipopungua, nilimkuta Dorothy jikoni, anachuja maji kwenye majivu ya maganda ya ndizi. Ndiyo chumvi ya mama zetu.

"Hii ulikuwa ukimtilia Asenath?"

"Kwenye mboga. Alilia chakula hakina ladha, shemeji. Nikaona hii si ya duka, haiwezi kumdhuru."

Kemia ya shule ya usiku ilinifundisha: majivu hayo yamejaa potasiamu. Kiraka hakikuwa kimekosea.

Nikamweleza. Akayamwaga maji yale nje.

Nikampigia Tuneya. Akasema wakubwa wake wameamua kukitupa kifaa, na ili wabadili nia wanataka maandishi yenye sahihi.

"Nikiandika, jina lako litakuwamo," nikamwambia Dorothy.

"Kuna wengine wamebandikwa?"

"Wapo, kijiji cha Idsowe."

"Na wao wana dada jikoni. Andika, shemeji. Usinifiche."

Ndugu zangu, kifaa kikikwambia usilolipenda, funua sufuria kabla ya kukilaumu.

Niliandika usiku kucha. Asubuhi Dorothy akalamba gundi ya bahasha mwenyewe, akaifunga, akamkabidhi mtu wa bodaboda aendaye mjini Garsen, amfikishie Tuneya.