Wimbi Lililocheka

Hakuna aliyejua kumwaga ndoo kama Mama Povu. Madobi wengine walibeba maji machafu hadi mtaroni yakiwachuruzika miguuni. Yeye alisimama mlangoni pa chumba chake cha kufulia, akapinda kiuno, akayarusha. Maji yakapita juu ya kamba za nguo bila kugusa hata soksi, yakatua mtaroni pwaa! Kipaji hicho ndicho kilichompeleka sinemani, zamani kabla hajaolewa.

Ilikuwa sinema ya wavuvi waliokumbwa na dhoruba. Bahari yenyewe haikuwapo. Kulikuwa na ua wa ghala, nusu ya mashua juu ya matairi, vijana wa kuitikisa, feni kubwa kama gurudumu la lori, na Mama Povu juu ya ngazi na ndoo zake. Yeye ndiye alikuwa mawimbi.

Shida ni kwamba wimbi halina sura. "Mwanangu alikuwa mvuvi mle, hilo najua," mama mkwe hakuchoka kusema. "Wewe mwenzangu labda ulikuwa ukifua fulana zake." Hayo aliyazoea. Lakini wiki hii binti yake, kifungua mimba, alirudi kutoka shuleni macho mekundu. Kajisifu darasani kwamba mama yake yumo sinemani, wakamwita mwongo. Baba mtu, ambaye siku hizi ni kinyozi, akahangaika kwa wateja wake mpaka akaipata sinema ile. Binti naye akawaalika wenzake wawili, wale wale waliomcheka zaidi.

Basi Jumamosi mchana sebule ikajaa. Mama Povu alimpakata kitinda mimba.

Kinyozi alipotokea kwenye runinga na ndevu za kubandika, watoto walipiga yowe. "Baba yako kama beberu!"

"Na mama yako yuko wapi?" akauliza mmoja.

"Anakuja," binti akajibu, sauti imepungua.

Dhoruba ikaanza. Mama Povu akanyoosha kidole. "Hilo wimbi ni mimi!"

"Na lile?"

"Lile pia."

"Na hili?"

"Hili la fundi bomba aliyenipokea ndoo nilipochoka. Hamwoni linavyomwagika ovyo, halina adabu?"

"Ehe!" akadakia mama mkwe. "Basi mkwe wangu, na ile radi ni mimi."

Wageni wakacheka hadi wakaegemeana. Binti akainamisha kichwa, akaanza kuchokonoa uzi wa mkeka.

Kwenye runinga nahodha alikumbatia mlingoti, akiwaaga wanawe. Wavuvi wakalia. Kinyozi akainua mikono aombe dua, na hapo likaja wimbi moja nene, likampiga kifuani pwaa! Miguu juu, buti moja likaruka likapotelea mbali. Mama Povu alijua linakuja, akajiuma midomo, wapi! Kicheko kikamtoka, kile chake kinachoanza kwa kulia kama mlango usiotiwa mafuta na kuishia kwa kukoroma.

Na kutoka ndani ya runinga, chini ya upepo na kilio cha watu wanaokufa, kicheko kile kile kikajibu: mlango ukalia, mtu akakoroma.

Hata mtoto mapajani akaitazama runinga, kisha akamtazama mama yake.

"Rudisha!" akafoka mama mkwe.

Kinyozi akarudisha. Buti likaruka, kicheko kikasikika.

"Ni yeye!" Mgeni mmoja akasimama juu ya kiti. "Mama yako anacheka watu wakifa!"

"Si niliwaambia?" binti akasema, kidevu juu, akaenda kumwegemea mama yake.

"Kumbe ni wewe uliyemzamisha mwanangu!" mama mkwe akasema, machozi ya kicheko yakimtoka.

"Nisamehe, mama. Mkono uliteleza."

"Mimi nilipanda ile ngazi nimgombeze," akasema kinyozi. "Sijashuka mpaka leo."

"Nyamaza huko," akasema mama mkwe, akijifuta macho kwa ncha ya kanga. "Rudisha tena."

Mchana kutwa nahodha maskini aliwaaga wanawe, akawaaga tena, na hakuna aliyemwonea huruma.