Dawa ya Okidi

Tuliporudi kutoka mazoezi ya nje ya chuo, nilijua kuna jambo tangu tukiwa kwenye ngazi. Vyura hawakuwa wanalia.

Na mimi ndiye niliyekuwa nikiwalaani kila uchao! Mwenzangu wa chumba, mwanafunzi wa baiolojia tuliyemwita Mama Vyura, alikijaza masanduku ya kioo chumba chetu cha kupanga. Kinyonga mmoja, mijusi wawili, na kwenye sanduku kubwa, vyura wa kijani wenye vidole vya kunata. Humohumo alifunga maua yake ya okidi kwenye vipande vya magome, mizizi ikining'inia hewani. Dume kubwa la vyura alilipenda kupita kiasi, nami nikalibatiza jina la Shemeji.

"Shemeji kanuna leo, mmegombana?" nilikuwa nikimtania.

"Mwache, ana njaa tu," alinijibu bila hata kucheka.

Ila safari hii jike lilikuwa limetaga, na mayai hayo ndiyo yaliyokuwa utafiti wake wa mwaka wa mwisho. Yakianguliwa, anahitimu. Yakiharibika, anarudia mwaka.

Mama mwenye nyumba hakutaka hata kuwaona wanyama wale. Alichopenda ni maua. Siku moja alimsikia Mama Vyura akitaja mbolea ya okidi, akaja juu. "Mbolea? Samadi ndani ya nyumba yangu? Thubutu!" Tulimweleza mpaka mate yakatukauka kwamba ni maji tu yenye chumvichumvi, wala hayanuki. Wapi! Mwisho Mama Vyura akasema, "Basi mama, yaishe. Si mbolea, ni dawa ya maua." Akatulia. Tangu hapo ikaitwa dawa, na sisi wenyewe tukazoea.

Tulipoondoka tulimwachia yeye ufunguo wa akiba. Siku moja kabla ya kurudi akapiga simu.

"Mwanangu, maua yako yamenywea. Niyape dawa?"

"Yape, mama. Chupa nyeupe iko dirishani, matone mawili tu kwenye mizizi. Yaani sijui nikushukuruje."

Sasa tulikuwa mlangoni, na harufu ilitupokea kabla hatujafungua. Ilikuwa harufu ya duka la pembejeo. Mama Vyura alihangaika na ufunguo mpaka nikamnyang'anya nikafungua mwenyewe.

Chumba kilikuwa kimefagiwa vizuri. Vioo vya sanduku kubwa vilikuwa vimelowa kwa ndani, na tumba la okidi moja lilikuwa limechanua, safi, halina hata mdudu. Chini yake vyura walikuwa wamelala chali. Mayai yalikuwa yamegeuka meupe kama ya kuchemshwa.

"Maji!" alipiga kelele. "Lete maji! Chura hunywa kwa ngozi, kila kinachomgusa kinamwingia!"

Tukawasuuza mmoja mmoja bombani. Shemeji alikuwa mkononi mwangu mimi, mguu mmoja ukicheza kidogo, kisha ukaacha. Nililia, sioni haya kusema. Niliyemtukana muhula mzima nikawa namwambia lia basi, mjinga wewe, lia.

Tukasikia kandambili kwenye ngazi. Mama mwenye nyumba akasimama mlangoni, akitabasamu, pampu yake ya bustani mkononi.

"Mmefika, wanangu? Ile dawa yenu ilikuwa maji matupu, haina hata harufu! Nikaona nitumie yangu ya wadudu. Nikafungua na hicho kioo, nikapuliza humo ndani mara mbili. Niliogopa, Mungu anajua. Lakini nikasema, mtoto huyu anayapenda maua yake, ngoja nijikaze."

Alikuwa bado hajatazama bombani. Alikuwa anaitazama okidi.

"Vipi, imefanya kazi?"

Mama Vyura alifunga bomba. Akajifuta mikono kwenye sketi, taratibu, upande huu na upande ule.

"Imefanya kazi, mama," akasema.