Sisemi, Nauliza Tu

Wasikilizaji wangu wa kwanza walikuwa shamba la shangazi. Kwetu Ufipa tunalima kwa ntumba. Unakatua majani pamoja na udongo wake, unayapanga kwa duara yakitazama ndani, unayafukia yaoze humo humo, na mwaka unaofuata unalisambaza tuta lile na kupanda ulezi. Shamba likishalimwa hivyo, ukisimama pembeni asubuhi ya ukungu utadhani watu mia mbili wameketi chini, wamejifunika mablanketi, wanakusubiri useme. Basi mimi nilikuwa nasema. Nilitangaza mpira, nikatangaza vifo, nikatangaza mvua katika miji ambayo mpaka leo sijafika.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kuendelea, na kijiji kilinipa kazi ya kufundisha watu wazima kusoma. Lakini moyoni nilikuwa mtangazaji. Nilikuwa na hakika kabisa kwamba siku moja gari litasimama barabara ya Sumbawanga, mtu atateremka na kuuliza, "Yule binti mwenye sauti yuko wapi?" Sasa nina ishirini na mbili na gari halijaja, lakini barabara bado ipo.

Redio ya kijiji ilikuwa dukani. Betri zake zikichoka, mwuza duka alizianika juani kama mihogo, zikapata nguvu ya siku mbili tatu. Mchana tulisikiliza taarifa ya habari na mambo ya kilimo. Ila saa kumi alasiri, watu waliporudi kutoka shambani, mtu alizungusha kitufe mpaka kituo kimoja cha nje, kituo cha mbali ambacho sauti yake ilikuja na kupotea kama mtu anayeongea huku akipanda na kushuka mlima. Hapo ndipo alipokuwa yule mtangazaji. Tulimwita Bwana wa Saa Kumi.

Sijapata kusikia sauti kama ile. Hakupiga kelele. Alinong'ona, ukajikuta umesogeza kiti. "Ndugu msikilizaji, kwa nini wanawahamisha mkae pamoja kando ya barabara? Kwa nini sasa? Anayepima ardhi yako, anapima kwa ajili ya nani?" Hapo alinyamaza. Ukasikia mvumo wa mawimbi tu. Halafu: "Mimi sisemi. Nauliza tu."

Dukani watu walivuta pumzi.

"Huyu bwana anajua mambo," fundi baiskeli alikuwa akisema kila siku. Alikuwa mtu mwema yule fundi. Aliweza kutembea hadi Mwazye kumtengenezea mtu gurudumu. Lakini alipenda kujua kitu kabla ya wenzake.

"Anajua nini?" mwuza duka alimuuliza mara moja. "Mbona hajasema?"

"Angesema wangemfunga mdomo. Ndiyo maana anauliza."

Mimi nilimpenda kwa sababu nyingine. Nilinunua daftari, nikawa naandika maneno yake na tarehe, nikiweka alama pale anapovuta pumzi, ili nijifunze. Sikuwa nafikiri sana kuhusu maneno yenyewe. Nilikuwa nafikiri kuhusu pumzi.

Mwaka ule shangazi alipanga mtu. Yeye ni mjane, na nyumba yake ina chumba cha pembeni. Aliyepanga alikuwa bwana shamba, kijana kutoka Mbeya, mwembamba, mwenye salamu nyingi. Ukimpita mara tatu kwa siku atakusalimia mara tatu. Ofisini walimtuma aje kutufundisha kulima matuta marefu yaliyonyooka. Lakini alipofika akazishangaa ntumba zetu. Asubuhi alipita katika mashamba ya watu akiwa na fimbo ya chuma, akaichomeka katikati ya tuta, akasubiri, akaitoa, akaishika shika, akaandika. Wakati mwingine aliingiza mkono wote mpaka kwenye kwapa, kama mtu anayemzalisha ng'ombe.

"Unatafuta nini humo, mwanangu?" shangazi alimuuliza.

"Joto, mama. Majani yanapika humu ndani. Nataka kujua yanapika siku ngapi."

Shangazi alicheka mpaka akakaa. "Ningekuambia bila kupasua matuta ya watu."

Sasa nifike kwenye kosa langu. Alasiri moja tulikuwa tumemaliza somo kwenye ghala la kijiji, watu wazima ishirini hivi wameketi juu ya magunia. Tulikuwa tumesoma vizuri, roho yangu imechanua. Mama mmoja akasema, "Mwalimu, tufanyie yule wa saa kumi."

Nilijua kumfanya vizuri kuliko wote. Nikasimama, nikashusha sauti, nikaanza: "Ndugu msikilizaji..." Wakacheka tayari. Lakini nilihitaji jambo la kuuliza, na mlangoni, kwa mbali, nikamwona bwana shamba akipita na fimbo yake. Ulimi ukamdaka.

"Kwa nini kijana wa Mbeya anachoma matuta yetu? Kwa nini alfajiri? Anatoa nini humo ndani? Au..." nikanyamaza, nikahesabu pumzi tatu kama zilivyo katika daftari langu, "...au anaacha nini? Mimi sisemi. Nauliza tu."

Walicheka mpaka magunia yakatikisika. Kisha kicheko kikaisha, na hakuna aliyeinuka. Mama aliyeniomba alikunja khanga yake magotini akasema polepole, "Lakini kweli. Anaacha nini?"

Nilidhani anaendeleza mzaha.

Baada ya siku tatu fimbo ilikuwa na dawa. Baada ya wiki, dawa ilikuwa ya kuufanya udongo ukatae ulezi, ili tushindwe, tuhame tena, na ardhi wapewe wengine. Akina nani? "Wao," watu walisema, vilevile kama redioni. Bwana shamba alisikia, akaja dukani mwenyewe akaeleza habari za joto na majani, akiwasalimia kila mmoja. Alipoondoka fundi akasema, "Mmeona anavyojitetea? Mtu asiye na kitu angekuja kujitetea?" Keshoye bwana shamba akakaa ndani asionekane. Fundi akasema, "Mmeona? Kanyamaza."

Na shangazi yangu, aliyempa chumba, akaingizwa katika uvumi huo huo.

Hapa lazima nieleze jambo. Kulima ntumba si kazi ya mtu mmoja. Mwenye shamba anapika pombe ya ulezi, majirani wanakuja na majembe, wanalima asubuhi nzima, kisha wanakaa kuzunguka mtungi, maji ya moto yanaongezwa, wanavuta kwa mirija. Kwa mjane ndiyo njia pekee. Na kazi yenyewe ina wakati wake. Lazima mvua ziwe bado zipo, majani yawe mabichi na udongo laini. Wenzetu wote walikuwa wamemaliza. Shangazi alikuwa wa mwisho, majani yalikuwa yameanza kukomaa, na mbingu zilikuwa zinapandisha mawingu kwa uvivu. Ntumba zisipolimwa mwezi ule, mwaka unaofuata hakuna ulezi. Hakuna ugali wa ulezi, hakuna mbegu, hakuna cha kupikia pombe ya kuwaita watu tena.

Alhamisi pombe ilikuwa tayari. Shangazi aliamka, akafagia uwanja, akapanga mirija. Tukasubiri. Akaja bibi mmoja jirani, mwenye mguu mbovu, na jembe la mpini mfupi. Jua likapanda. Bwana shamba alitoka chumbani na jembe akaanza kulima peke yake, vibaya, akiyapanga majani yakitazama nje. Hakuna mwingine aliyekuja.

Shangazi alienda kuufunika mtungi kwa ungo, akaubonyeza ule ungo vizuri, kama mtu anayemfunika mtoto. Pombe ile ingevumilia mpaka kesho. Baada ya hapo ingechacha.

Niliingia ndani, nikachukua daftari langu, nikatoka nalo mpaka pembeni mwa shamba. Nilitaka kutafuta neno la kutuokoa. Nikasoma kurasa zote, miezi minne ya Bwana wa Saa Kumi, na kwa mara ya kwanza nikaruka zile alama za pumzi nikasoma maneno matupu. Ajabu yake, hapakuwa na kitu. Maswali tu. Hakuna mahali alipotaja mtu, wala mji, wala siku. Isipokuwa mara moja aliteleza: alisema kabla mahindi hayajatoa ndevu "wao" watakuja kukusanya majembe nyumba kwa nyumba. Mahindi yalikuwa yametoa ndevu, tumeyachoma, tumeyatafuna, na jembe la shangazi lilikuwa limeegemea ukuta. Baada ya hapo hakuligusa tena lile jambo. Aliuliza mengine.

Nikafikiri: basi na mimi nimrudishie fundi kwa sauti hiyo hiyo. Nikajaribu, pale pale, mbele ya majani. "Kwa nini fundi anatembea mpaka Mwazye? Baiskeli gani ya kufuatwa mpaka kule? Anapeleka nini? Mimi sisemi..."

Ilikuja kwa urahisi, tena ilikuwa tamu. Katika pumzi tatu yule mtu mwema alikuwa mwizi au mpelelezi, hata mimi nikaanza kumshuku. Nikajiziba mdomo kwa mkono, kweli kweli, peke yangu shambani kama mwehu.

Saa kumi nilikuwa dukani. Nilisubiri kipindi kiishe. Mwuza duka alipozima kuokoa betri, nikasema, "Shikamooni."

"Marahaba, mwalimu. Leo unatufanyia?"

"Leo sifanyi. Leo nasema." Sauti yangu mwenyewe ilikuwa nyembamba, haikufaa redio yoyote. "Yale ya bwana shamba niliyatunga mimi. Ghalani. Nilikosa la kuchekesha, nikamwona anapita. Hakuna aliyeniambia, hakuna nilichoona."

Fundi aliweka koleo chini. "Wamekutuma uje kukanusha."

"Nani?"

"Wao."

"Wao akina nani, baba? Nitajie mmoja, nikamsalimie."

Watu wakatabasamu kidogo. Fundi akajikuna shingo. "Mimi sisemi..."

"Najua. Unauliza tu. Hata mimi niliuliza tu, na leo shangazi yangu amekaa na mtungi uliojaa." Nikafungua daftari, nikawasomea habari ya majembe na ndevu za mahindi. "Nani amechukuliwa jembe?"

"Labda waliahirisha," fundi akasema.

Mwuza duka ndiye aliyeanza kucheka, kisha wengine wawili watatu. Si wote. Yule mama wa ghalani alinitazama kwa hasira, na hasira yake naielewa: nilimpa hofu, kisha naja kumnyang'anya kama vile haikuwa mali yake.

"Sasa unataka nini?" akaniuliza.

"Kesho asubuhi nataka mje shambani. Fimbo itakuwepo. Ichomekeni wenyewe. Na pombe itachacha kesho jioni, hilo silitungi."

Usiku ule nililala vibaya, nikaamka na ukungu. Shangazi alikuwa amekwisha washa moto wa maji. Sikumwambia nimekwenda dukani, naye hakuuliza, lakini aliweka mirija ile ile ya jana, yote.

Tulisikia kabla ya kuona. Majembe yaliyobebwa begani hugongana, na ukungu haufichi sauti. Akaja mwuza duka na mkewe. Wakaja wanafunzi wangu sita. Akaja bibi wa mguu mbovu, akiwakemea wenzake kwa kuchelewa. Tulipohesabu vichwa tulikuwa nusu ya wale wanaokuja miaka mingine. Yule mama hakuja. Mpaka leo hunijibu salamu kwa kifupi.

Mistari mitatu ilikuwa imekwisha pandishwa wakati fundi baiskeli alipotokea, jembe begani, akitembea kama mtu anayepita tu.

"Mama," alimwambia shangazi, "mimi sikuamini. Nilikuwa nauliza tu."

"Uliza huku unalima," shangazi akamjibu bila kuinua mgongo.

Walicheka mpaka bwana shamba akacheka, na alikuwa hajacheka siku nyingi. Wakati wa kupumzika alimpa fundi ile fimbo. Fundi aliinusa. Akaichomeka kwenye ntumba ya jirani, iliyolimwa wiki mbili nyuma, kisha akaiacha fimbo akaingiza mkono wake mwenyewe, taratibu, mpaka kwenye kiwiko, akawa anatazama mbali kama watu wanavyofanya wakipapasa kitu wasichokiona.

"Lina joto," akasema.

"Ndilo ninaloandika," bwana shamba akamjibu. "Nataka niwaambie ofisini waziache kama zilivyo."

Sijui kama barua yake ilisomwa na mtu. Alihamishwa baada ya mavuno, akatuaga kila mmoja mara tatu.

Siku ile hatukumaliza. Mtungi ulikwisha kabla ya shamba, na mistari minne ya juu tulibaki nayo mimi, shangazi na mpangaji, tukaipandisha Jumamosi kabla udongo haujakaza. Ile ntumba aliyoipanga vibaya peke yake, majani yakitoka nje kama nywele za mtu aliyeamka, nilitaka kuibomoa niipange upya.

"Iache," shangazi akasema. "Alilima siku ambayo hakuna aliyelima."

Tukaiacha. Bado nakwenda pale asubuhi kutangaza. Ila sauti ile ya kunong'ona nimeiacha. Nikiwa na la kusema kuhusu mtu, namtaja na nasema niliona nini, na kama sikuona, natangaza mpira.