Askari wa Meli Yenye Mlango Mbele

Mkitaka kucheka, chekeni sasa mmalize, maana nikianza sitaki kelele. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, mchana kweupe, hapa hapa Koboko, miaka ile ya sabini.

Baba yangu alichukuliwa vita vya Wazungu mimi nikiwa tumboni. Hakurudi, wala habari ya kifo haikuja, basi mama akakataa katakata kukaa eda. Sisi Wanubi mtu akifa tunamfanyia karama, watu wanakula na kumwombea dua. Baba hakuombewa hata siku moja, miaka thelathini! Na mama alikuwa amedhoofika. Niliogopa atakufa bado anangoja.

Siku hiyo, katikati ya kiangazi, askari akapiga hodi. Enzi zile mtu wa kaki ulikuwa humtazami usoni, thubutu! Nikainamisha macho. Nikaona suruali inachuruzika maji. Maji ya wapi, jamani, na visima vimekauka? Nikamwekea kisra, mkate wetu mwembamba, na mchuzi.

Akala huku akisimulia meli yake, kwa sauti ya kijana, ya upole.

“Ile meli iko na mlango mbele, kama ghala. Inapanda mpaka kwa mchanga, mlango inaanguka, askari wanatoka mbio.”

Ilianza kwa kubeba vifaru, akasema. Ikapeleka watu kisiwa cha Bukini, halafu Burma. Kurudi ikabeba majeruhi.

“Mtu moja ya Koboko alikufa ndani. Wenzake walimswalia, wakamshusha baharini. Bibi yake asingoje tena.”

Nikaenda kuleta maji ya kunawa. Kurudi, kiti kitupu! Chini kidimbwi. Nikachovya kidole, nikaonja. Chumvi, wallahi! Bahari iko wapi Koboko?

Mama, pale pembeni kwenye mkeka wake alipokuwa muda wote, alikuwa analia polepole.

“Huyo ni baba yako,” akasema. “Vilevile alivyotoka, hata ndevu hazijajaa.”

“Sasa mbona hukumwita?”

“Ningemwita angebaki, mwanangu. Nilitaka apumzike.”

Kesho yake akaingia eda, bibi kizee wa mvi, miezi minne na siku kumi. Majirani walimcheka, shauri yao. Karama tuliifanya, watu wakashiba, na mama akaanza kulala usingizi.

Nanyi, mgeni akila kwenu, mtazameni usoni, hata kama mnamwogopa. Safari za ile meli nitawatajia zote, ya kwanza mpaka ya mwisho. Sura ya baba yangu siijui mpaka leo.