Vunjajungu wa Dada Zuhura

Kuna nyenje amejificha nyuma ya friji yangu, wiki ya pili sasa. Jua likizama tu huanza kulia, kri-kri-kri, mpaka mume wangu anaapa kesho atampulizia dawa. Namwambia amwache. Hajui kwa nini, wala sijapata kumwambia. Nyinyi nitawaambia, maana hamnitazami usoni.

Nilikuwa na miaka tisa, nikikaa kwa Bibi, Shella ya Malindi, Dada Zuhura alipoletwa kutoka Lamu. Alikuwa binti wa ami yangu, ana miaka kumi na miwili. Mamake alikuwa amekwenda Uarabuni kufanya kazi. Kabla hajafika niliringa mtaa mzima kwamba napata dada. Nilifagia chumba, nikamgawia upande wa kitanda wenye dirisha. Wallahi, hata mwanasesere wangu nilimtenga awe wake.

Akaja. Siku ya tatu akamkuta vunjajungu kwenye mkomamanga wa uani, kijani kibichi, shingo nyembamba, mikono ameikunja kifuani. Basi, dada yangu akawa wa mdudu.

Alimweka katika kopo kubwa la peremende, mdomo akaufunika kwa kipande cha chandarua na kukifunga kwa mpira, ndani akasimamisha kijiti. Kila asubuhi alichovya vidole majini na kunyunyizia matone kwenye chandarua, mdudu apate kunywa. Jioni tulikwenda kukamata panzi kiwanjani. Yaani yeye alikwenda, mimi nikimfuata nyuma. Nyenje tuliwatoa chini ya mawe ya uani, tukawafuga katika ndoo iliyofunikwa kitambaa, wakila maganda ya viazi na unga wa mahindi. Chakula nacho kina chakula chake! Na mimi nani aliniuliza kama nimeshiba? Nyenje mmoja kwa siku, alisema Dada Zuhura, na asipoliwa mpaka wakati wa kulala, atolewe.

Lakini kilichonikera zaidi ni vyombo. Kwetu huaminiwa kwamba aliyemshika vunjajungu, chombo atakachokigusa kitavunjika. Bibi alikuwa na mabakuli ya kaure ya harusi yake, na hapo hakutaka mchezo.

"Zuhura asiguse hata kijiko!" alisema. "Mishi, osha wewe."

Kijiko kitavunjikaje, Bibi? Sikuthubutu kuuliza. Nilichutama na jivu na kumbi la nazi, nikisugua sufuria mpaka kucha zikawa nyeusi, na kupitia mlango wa jikoni nikimwona yeye amelala kifudifudi kwenye jamvi, anambembeleza yule mdudu, "Kula, mwanangu, kula." Roho iliniuma, jamani. Nilisugua kwa hasira hata sufuria ikang'aa, Bibi akanisifu, nami sifa sikuzitaka.

Nilijaribu kujipendekeza. Nikamkamata panzi mnene, nikampelekea vunjajungu kwa mkono wangu mwenyewe. Akajitutumua, akanyanyua mikono utadhani anataka ngumi. Dada Zuhura akacheka.

"Hakutaki, Mishi."

Alikuwa akitania tu. Mimi neno lile nililala nalo.

Ikafika siku vunjajungu akamkataa nyenje wake wa siku. Akaning'inia kwenye chandarua, kichwa chini miguu juu, katulia tuli. Bibi alisema mdudu keshakufa, atupwe. Dada Zuhura akamweleza kwamba anajiandaa kujivua ngozi. "Mtu asimtie chochote humu," alisema. "Akijivua huwa laini, hawezi hata kumfukuza sisimizi." Aliponitazama nikaitika kwa adabu.

Kesho yake akaenda madrasa, mimi nikabaki na sahani za mchana. Niliosha tatu, ya nne nikaiacha majini. Nikaenda kwenye ndoo, nikachagua nyenje mmoja, mkubwa kuliko wote, nikamtumbukiza ndani ya kopo. Nilijiambia namlisha, maskini, ana njaa. Mwongo mkubwa mimi! Nilijua ninachofanya.

Aliporudi alasiri, vunjajungu alikuwa ametoka nusu tu kwenye ngozi yake kuukuu, na nyenje alikuwa juu yake, anamtafuna tumbo.

Nilikuwa nimeandaa viapo vyangu vyote, lakini hakuna aliyeniuliza. Dada Zuhura alimwambia Bibi, "Nimesahau kumtoa nyenje wa jana," akaenda uani kumzika vunjajungu wake. Bibi akamwosha mikono mara saba, na siku iliyofuata Dada Zuhura akachutama kando yangu jikoni, tukaosha vyombo pamoja. Nilidhani amejua, na kwamba ananisitiri. Hata wema wake huo ukanichoma, nikanyamaza.

Mwaka jana nilikwenda kumtembelea Kibarani, Kilifi, anakoishi na mumewe. Binti yake mdogo akaingia mbio na vunjajungu ndani ya gilasi. Dada Zuhura akamwonyesha namna ya kufunga chandarua, kisha akamwambia, "Na usiwe mzembe kama mimi. Wangu nilimwachia nyenje ndani, akaliwa. Tangu siku ile, hata wewe nikikulaza, naamka mara tatu kukuangalia."

Kumbe hakuwa akinisitiri. Aliamini kweli ni yeye.

Nikaweka kikombe cha chai chini. "Dada," nikasema, "nyenje nilimtia mimi."

Akanigeukia. "Kwa nini, Mishi?"

Jibu la vyombo, kwamba nilichoka kuosha peke yangu, nilikuwa nalo tayari, nimelitunza miaka yote hiyo. Lakini nilipofungua mdomo nikaona silo. Sikupata kumwonea wivu Dada Zuhura hata siku moja. Niliyemwonea wivu ni mdudu.

"Nilitaka uniangalie mimi," nikamwambia.

Hakucheka, wala hakunigombeza. Alinitazama kwa muda mrefu, mpaka nikainamisha macho. "Miaka yote hii nimejiona sifai kuachiwa kitu," alisema. Kisha akamshika mwanawe mkono, wakatoka kwenda kutafuta panzi. Sikuitwa, na sikufuata.