Nilivyopiga kura kuipa nguvu timu ya London, kumbe mshabiki wake nilikuwa peke yangu

Wakuu, heshima kwenu wote. Nawasalimu kutoka Hounslow, huku ndege zinapita juu ya paa utafikiri zinataka kuingia sebuleni.

Ninachoandika kimenitokea mimi mwenyewe, sijasimuliwa na mtu, na chumvi sijaongeza. Nimekuja kwenu kwa sababu kichwa kimegoma. Nikimaliza mniambie nani alikuwa sahihi.

Nianze na mchezo wenyewe, maana wengi hamtaujua.

Watu wa Ireland wana mpira wao unaitwa Gaelic football. Watu kumi na tano kila upande, unadaka kwa mikono na kupiga kwa miguu, na nguzo za goli ni ndefu kama herufi H. Ukipitisha juu ya mwamba ni pointi, ukiingiza wavuni ni goli. Halafu hakuna anayelipwa. Fundi bomba anavunjwa mbavu Jumapili, Jumatatu yuko kazini anaugulia.

Klabu zinagombea ubingwa wao, kisha wachezaji bora wanachaguliwa kuunda timu ya kaunti, yaani ya mkoa. Hiyo ndiyo kama timu yao ya taifa. Na London, japo iko Uingereza, kwenye mchezo huu inahesabiwa ni kaunti mojawapo. Msiniulize kwa nini, mimi nilishakubali tu.

Aliyenivuta huko ni Padraig, supervisor wangu kwenye ghala la mizigo karibu na Heathrow. Siku moja aliniona nadaka boksi lililokuwa linaporomoka kutoka juu, akasema mikono hiyo haiwezi kukaa bure. Jumapili iliyofuata nikajikuta golini.

Padraig ndiye mwenyekiti wa klabu yetu, na ni mmoja wa walioianzisha. Ndiye anayepaka chokaa mistari ya uwanja, ndiye anayefua jezi. Mimi nilipofika mji huu sikuwa na ndugu. Klabu ile ndiyo iliyonitafutia chumba. Mke wangu alipojifungua binti yetu walileta vyakula mpaka friji ikakataa kufunga.

Sasa mwaka huu likaja pendekezo kutoka kwa viongozi wa kaunti.

Timu ya kaunti inafungwa kila kukicha, kwa hiyo ubingwa wa klabu upangwe upya. Klabu ndogo zisiingie tena kila moja kivyake, ziunganishwe mbili mbili, ili wachezaji wazuri wakutane kwenye mechi ngumu na kaunti ipate kikosi cha maana. Sisi tungeunganishwa na jirani zetu, watu ambao hatupikiki nao chungu kimoja.

Tukaitwa ukumbini kupiga kura.

Padraig akasema maneno machache. Vijana wakija kutoka Ireland wanatafuta klabu inayocheza ubingwa mkubwa kwa jina lake. Tukiunganishwa hatutapata mtu mpya, na klabu itakufa taratibu.

Mwanawe Conor, aliyezaliwa hapa hapa London na anayechezea timu ya kaunti, akasimama upande wa pili.

"Baba, nimechoka kufungwa. Nataka tushinde walau mara moja nikiwa bado na magoti."

Baba na mtoto hawatazamani.

Hapo ndipo kiherehere kikanipanda. Wakuu, mimi nimekulia Bongo, kwenye kelele za kila siku kwamba timu ya taifa inaponzwa na ushabiki wa klabu. Nikanyoosha mkono.

"Jamani, klabu ni yetu, lakini kaunti ni ya wote. Tuitangulize kaunti!"

Niliongea kwa hisia aisee, kama mgombea ubunge. Nikapigiwa makofi. Waliokuwa wanasitasita wakanyoosha mikono, pendekezo likapita. Klabu nyingine nazo zikapitisha.

Padraig akanishika bega, akasema, "Umeongea vizuri." Kisha akaenda kukunja viti.

Wiki kadhaa baadaye London ikacheza nyumbani, kule Ruislip, na kaunti moja ya magharibi mwa Ireland, kwao Padraig. Nikanunua jezi ya London, nikamnunulia na binti yangu Zawadi. Nikajua leo klabu nzima tutaishangilia kaunti yetu.

Tulipoingia nilifikiri nimekosea jukwaa. Watu wangu wamekaa pamoja, sawa, ila karibu wote wamevaa jezi za wageni! Wengine wamevaa za kaunti ambazo hata hazichezi siku hiyo. Na Padraig, ambaye mtoto wake wa kumzaa yuko uwanjani na jezi ya London, naye kavaa ya kwao.

"Kwani ninyi si watu wa London?" nikamuuliza jirani yangu.

"Mimi naishi London," akanijibu taratibu, kama anamwelekeza mtoto.

Nikakaa katikati yao na Zawadi, nimeduwaa.

Kipindi cha pili Conor akapokea mpira, akamzunguka beki, akautia wavuni. Padraig akaruka juu, akaita jina la mwanawe kwa sauti ya kupasua koo. Kisha akaitazama jezi yake, akakaa.

London ikafungwa kwa pointi moja. Wenzake Padraig wanakumbatiana, yeye anafuta macho.

"Daddy, is he happy or sad?" Zawadi akaniuliza.

"Sijui, mama."

Nikamfuata Padraig nje. Nikamuuliza, kama hamuishabikii London, ile kura ilikuwa ya nini?

"Kwa Conor kaunti ni hii, na nafurahi ataipata ikiwa na nguvu," alisema. "Yangu mimi iko kule nilikozaliwa. Hapa London nilikuwa na klabu tu."

Niliona aibu, na bado sikuweza kusema kwamba Conor alikosea.

Timu ya muungano imeshaanza. Ina wachezaji kweli kweli, na mimi ni kipa wa tatu. Conor anang'ara. Padraig anakuja mazoezini, anasimama kando mikono mfukoni, maana chokaa sasa wanapaka wengine.

Somo nililopata: ukiwa mgeni kwa watu, kabla hujanyoosha mkono uliza kwanza nani anapoteza nini.

Ila hata hilo nalisema nusu nusu. Juzi nilimwambia Zawadi tukae wote tuitazame Tanzania ikicheza. Akaja na jezi yake ya London. Nikamwambia avae ya nyumbani.

"This is the home one, Daddy."

Nikawasha TV.

Wenye watoto ugenini, ingekuwa ninyi mngepiga kura ipi? Karibuni mniseme, hata kwa ukali, nitasoma yote.